Mama ya Nancy alikuwa nani? Vitabu juu ya vizazi vya Lincoln, na funzo lake kwetu

Methali inasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Siku hizi, ndani ya mashirika yetu ya utamaduni, wengi wanaisukuma methali hiyo mbele kidogo na kusema kama hata ukoo bila daftari hupotea bila habari. Njo maana vijana wanatembea na kaye, wanaenda kuuliza wazee majina ya bankambo mbele wazee hao hawajaondoka. Kazi hiyo ni nzuri. Lakini kuna wazo moja lenye linatembea pamoja nayo, na mimi, mwalimu wa historia, ninalisikia mwaka kwa mwaka ndani ya darasa. Wanafunzi wanasema: Wazungu wanajua vizazi vyao bila shaka juu waliviandika, sisi tulikuwa paka na mdomo, kwa hiyo tunakisia.

Katika kurasa hizi ninataka kulipima wazo hilo. Kwa kulipima, nimechagua jamaa moja ya Marekani. Si jamaa ya kifalme. Ni jamaa ya wakulima wenye walikuwa wanahama-hama pembeni ya nchi, pale mashamba ya wageni yalipokuwa yanagusa msitu wa wenyeji. Jamaa hiyo ilizaa Abraham Lincoln, rais wa Marekani tangu 1861 hadi alipouawa mwaka 1865. Kama kuna jamaa yenye makaratasi yake yamefunuliwa na watu wengi, njo hiyo. Hata hivyo, swali moja dogo, la kujua nkambo wake kwa upande wa mama alikuwa nani, lilibishaniwa miaka 150 mbele ya kupata jibu. Tuone juu ya nini.

Upande wa baba: kufuata mashamba

Upande wa baba haukuwa mgumu sana, na sababu yake inafaa kusemwa wazi: baba wa jamaa hiyo walikuwa na mashamba. Kila mara mtu aliponunua shamba, alipoliuza ao alipokufa na kuliacha, karani wa tribinali aliandika. Mwenye kutafuta vizazi anafuata shamba, na shamba linamwonyesha mtu.

Kwa njia hiyo watafiti walirudi nyuma mpaka kwa Samuel Lincoln, kijana aliyetoka Uingereza na kufika Massachusetts mwaka 1637. Mtoto wake alikuwa Mordecai, na mjukuu wake alikuwa Mordecai tena. Huyu wa pili alihamia New Jersey, kisha Pennsylvania, na kule alikufa mwaka 1736. Katika barua yake ya urithi alimwachia mtoto wake John ardhi ya New Jersey. John alihamia bonde la Shenandoah, Virginia, katika miaka ya 1760. Mtoto wa John, kapiteni Abraham Lincoln, alivuka milima na kuingia Kentucky karibu mwaka 1782. Huyo njo nkambo wa rais.

Rais mwenyewe hakuijua njia hiyo yote. Mwaka 1859, alipoombwa kuandika habari za maisha yake, alijua kama nkambo wake alitoka Virginia, na kama mbele ya pale jamaa ilikuwa Pennsylvania. Kuhusu watu wa Massachusetts wenye waliitwa Lincoln kama yeye, aliandika kwamba ushahidi ulikuwa ni kufanana kwa majina tu, kama Mordecai na Abraham. Ilibidi wengine wachimbe barua za urithi na hati za mashamba. Mwaka 1923 Waldo Lincoln alichapisha historia ya jamaa nzima, na tangu pale mstari wa baba umesimama.

Tuseme basi karatasi ilishinda mdomo? Ndiyo, hapa ilishinda. Tena kuna mfano mwingine. Jamaa ilikuwa inasimulia kifo cha kapiteni Abraham: alikuwa shambani pamoja na watoto wake watatu wanaume, wenyeji wa msitu wakamshambulia na kumuua, Mordecai, kifungua mimba, akakimbilia bunduki ndani ya nyumba na kumpiga yule aliyetaka kumchukua mdogo wao Thomas. Lincoln alikulia ndani ya hadithi hiyo. Lakini katika maandiko yake mwaka wa kifo unacheza karibu na 1784, wakati watafiti wa leo wanakiweka mwezi wa tano 1786.

Miaka miwili ni kitu gani? Ni kitu kikubwa. Kentucky ilikuwa bado sehemu ya Virginia, na sheria ya zamani ya Virginia ilisema kama mtu akikufa bila barua ya urithi, ardhi yote inaenda kwa mtoto wa kwanza mwanaume. Sheria mpya, ya kugawanya ardhi kwa watoto wote, ilianza kutumika tarehe 1 mwezi wa kwanza 1787. Kapiteni alikufa miezi michache tu mbele ya siku hiyo. Mordecai akachukua ardhi, Thomas hakupata kitu, akakua kijana wa kuzunguka akitafuta kazi ya mikono. Mdomo ulihifadhi bunduki na damu. Haukuhifadhi tarehe, na ndani ya tarehe mule njo mlikuwa sababu ya umaskini wa Thomas. Mwenye kuandika hadithi za wazee akumbuke mfano huo.

Lakini karatasi nayo isisifiwe kupita kiasi. Mwaka 1780, wakati kapiteni huyo alipopewa hati ya ekari 400 za Kentucky, karani aliandika jina lake Linkhorn. Hakuna mtu wa kulaumu: aliandika vile sikio lake lilivyosikia. Mwenye kutafuta paka herufi za Lincoln angeipita hati hiyo bila kuiona. Sisi wenye tumeona jina moja likiandikwa namna tatu, kwenye batizo, kwenye diplome na kwenye karte, hatuwezi kushangaa.

Hati ya ndoa yenye haikuonekana

Sasa tuingie pale karatasi ilipoanza kuumiza watu. Thomas, yule mtoto aliyeokolewa shambani, alioa Nancy Hanks, na mwaka 1809 akazaliwa Abraham. Nancy alikufa mwaka 1818 kule Indiana kwa ugonjwa wa maziwa, wenye ulikuwa unatokana na ng'ombe kula majani ya sumu. Mtoto alikuwa na miaka tisa. Thomas akaoa mjane, Sarah Bush Johnston, mwaka 1819.

Baada ya rais kuuawa, watu walianza kutafuta hati ya ndoa ya wazazi wake. Walienda kule Hardin, wilaya ambako mtoto alizaliwa. Ndoa ya pili ya Thomas ilikuwemo ndani ya daftari. Ya kwanza haikuwemo. Mwaka 1872 kitabu cha Ward Hill Lamon kikachapisha habari kama hati hiyo haikuonekana kule wala katika wilaya za jirani. Mara moja midomo ikafunguka: kumbe rais alikuwa mtoto wa inje! Watu wakaanza kutaja wanaume mbalimbali kuwa baba yake wa kweli.

Lakini hati ilikuwepo. Ilikuwa imelala katika tribinali ya wilaya ingine, Washington, palepale Kentucky, juu bibi-arusi alikuwa akiishi kule. Ilionekana katika miaka ya 1870: barua ya dhamana ya tarehe 10 mwezi wa sita 1806, yenye saini ya Thomas Lincoln na ya Richard Berry, pamoja na orodha ya mchungaji Jesse Head yenye kuonyesha kama aliwafungisha ndoa tarehe 12. Hata hivyo uvumi haukukufa. Mwaka 1920 mchungaji William Barton aliandika kitabu kizima kwa kupima mmoja mmoja wale wanaume waliotajwa, na akaonyesha kama hakuna hata mmoja mwenye kusimama.

Hapa ninaweka alama ya kwanza ya ukosoaji. Wale watafutaji waliona daftari halina jina, wakasema ndoa haikuwepo. Hayo si mamoja. Daftari likinyamaza, swali la kwanza ni: hili ni daftari lake kweli? Mwanamke aliandikwa kwao, hakuandikwa kwa mume. Mtu yeyote wa kwetu angeliwaambia: muende kwanza kwa wakwe.

Nancy na mama yake

Tumefika kwenye kifundo chenyewe. Nancy Hanks alikuwa mtoto wa nani?

Shahidi wa kwanza ni William Herndon, avoka aliyefanya kazi pamoja na Lincoln kule Springfield, Illinois. Tangu 1865 aliandikia wazee wa Kentucky na Indiana, aliwatembelea, akajaza makaratasi na maneno yao. Kitabu chake kilitoka mwaka 1889. Ndani yake alisema kwamba karibu mwaka 1850, wakiwa wawili katika gari la farasi, Lincoln alimwambia kwa mdomo wake kama mama yake Nancy alikuwa mtoto wa inje wa Lucy Hanks na bwana mmoja mwenye mashamba wa Virginia.

Shahidi wa pili ni Dennis Hanks, binamu ya Nancy, mwenye alikaa na jamaa hiyo. Yeye alikataa. Alisema Nancy ni wa nyumba ya Sparrow, mtoto wa ndoa kamili. Lakini Dennis mwenyewe alizaliwa inje ya ndoa, na mama yake aliitwa vilevile Nancy Hanks. Wanawake wawili, jina moja, jamaa moja. Mtu huyo alikuwa na sababu zake za kufunika nyumba ile kwa blanketi.

Halafu kuna karatasi. Katika wilaya ya Mercer, Kentucky, mwisho wa 1789, baraza la raia lenye kazi ya kushitaki lilimwandika Lucy Hanks kwa kosa la kuishi na mwanaume bila ndoa. Mwezi wa nne 1790, katika makaratasi ya wilaya ileile, kuna barua fupi yenye saini ya Lucey Hanks. Inasema kama yeye ni mtu mzima na kwa hiari yake anakubali Henry Sparrow achukue ruhusa ya ndoa. Mwaka 1791 walifunga ndoa. Lakini Lucey huyo ni mtoto wa nani? Kuna Joseph Hanks, aliyeandika barua ya urithi katika wilaya ya Nelson mwaka 1793. Aliwapa watoto wake wanaume kila mmoja farasi, na mabinti kila mmoja ng'ombe jike mchanga, na kila mnyama ametajwa kwa jina lake. Kati ya mabinti kuna Nancy. Lucy haonekani.

Hiyo njo mizigo yote iliyokuwa mezani: avoka mmoja, binamu mmoja, tribinali moja, barua ya urithi moja. Sasa angalieni vile waandishi walivyoitumia.

Vitabu vinne, nia nne

Caroline Hanks Hitchcock alichapisha mwaka 1899 kitabu kidogo juu ya mama ya Lincoln. Alipoona jina la Nancy ndani ya barua ya Joseph Hanks, alisema: huyu hapa, mtoto wa ndoa, na ng'ombe wake juu. Kila kitu kikawa safi. Lakini Nancy wa ile barua ni yule mwingine, mama ya Dennis. Hitchcock alitafuta jina, akapata jina, akasimama pale. Jina si mtu. Katika jamaa yenye kurudilia majina, jina ni mwanzo wa kutafuta tu.

Louis Warren, mwaka 1926, alikuwa mtu wa namna ingine. Alichimba tribinali za Kentucky kwa bidii kubwa, na vitu vingi tunavyojua juu ya kodi na mashamba ya Thomas Lincoln vinatokana na jasho lake. Alionyesha kama Thomas hakuwa mvivu wa bure, vile wengi walivyokuwa wanaandika. Kwa hilo anastahili heshima. Lakini alipofika kwa Nancy, alisema mama yake alikuwa Lucy Shipley, mjane wa James Hanks. Kwa njia hiyo Nancy akawa mtoto wa ndoa na yatima wa baba. Hati ya kuonyesha ndoa ya James na Lucy Shipley hakuweza kuileta. Mtu mwenye alidai karatasi kwa kila jambo, hapa alikubali kutembea bila karatasi, juu njia hii ilikuwa inaenda kule moyo wake ulikotaka.

Barton, yule wa kitabu cha 1920, alirudi mwaka 1929 na kitabu juu ya vizazi vya Lincoln. Yeye alimkubali Lucey kuwa binti ya Joseph Hanks, aliyekosa kutajwa ndani ya barua ya urithi. Aliandika jambo lenye lilichukiza wasomaji wengi, na aliliandika bila kucheka mtu. Yeye alikuwa mchungaji, angeweza kuhubiri dhambi. Badala yake alisoma ile barua ya 1790 na kuona ndani yake mwanamke anayesimama mwenyewe kutengeneza maisha yake. Kwa maoni yangu huyo njo msomaji bora kati ya wote.

Na Herndon? Kuna watu wanaomsifu kama msema-kweli, wengine wanasema alikuwa muuza-bongo. Mimi ninasema: alifanya kazi yenye sisi tunaitafuta leo, ya kukusanya maneno ya wazee wakiwa bado hai, na bila yeye tungekuwa maskini. Lakini alikuwa na udhaifu wake. Yule bwana wa Virginia asiye na jina, tajiri na wa damu ya juu, alimfurahisha sana, juu alimsaidia kueleza akili ya Lincoln imetoka wapi. Kama wenzake walivutwa na haya, yeye alivutwa na sifa. Haya na sifa ni ndugu wawili. Wote wawili wanashika mkono wa mwandishi.

Neno la ADN

Mwaka 2015 watafiti wa vizazi wa Marekani walichapisha kazi yao ya kulinganisha makaratasi na ADN. Kuna sehemu moja ya ADN yenye mama anawapa watoto wake wote, lakini mabinti tu njo wanaipeleka mbele. Nancy hakuacha mstari wa namna hiyo: binti yake Sarah alikufa katika uzazi mwaka 1828. Hata uzao wa rais mwenyewe ulikatika. Kitukuu wake wa mwisho alikufa mwaka 1985. Kwa hiyo watafiti walipita kwa wanawake wengine wa nyumba ya Hanks na wa nyumba ya Shipley, wakatafuta watu walio hai wenye wametoka kwao mama kwa mama.

Jibu lilikuwa wazi. Nyumba ya Lucey ililingana na ya mabinti wa Joseph Hanks na mke wake Ann Lee. Na Shipley haikulingana. Basi mama ya Nancy ni Lucey Hanks, yule wa tribinali ya Mercer, na Warren aliyeheshimu karatasi alishindwa na neno la mdomo lililosemwa katika gari la farasi.

Lakini tusikimbie. ADN hiyo haikumtaja baba ya Nancy. Kwa upande wa mama, Herndon amepata haki. Kwa yule bwana wa Virginia, hadithi yake inabaki hadithi. Chombo kipya kimejibu paka swali moja lenye kiliulizwa.

Wale wasio na daftari

Kuna kitu kimoja katika habari hii chenye hakikunipa usingizi mzuri. Angalieni mara ngapi Lucey ameandikwa: mara moja aliposhitakiwa, mara moja alipotaka kuolewa. Kati ya pale alilea mtoto, alivuka milima, alifanya kazi, hakuna mstari. Hesabu za raia za Marekani tangu 1790 hadi 1840 ziliandika jina la mkubwa wa nyumba tu. Mke na watoto walikuwa namba. Paka mwaka 1850 njo kila mtu huru aliandikwa kwa jina. Na watumwa weusi, mwaka 1850 na 1860, waliandikwa kwenye orodha ya pembeni: umri, jinsia, rangi, chini ya jina la bwana wao. Weusi wengi wa Marekani wenye kutafuta bankambo wanafika mwaka 1870, hesabu ya kwanza baada ya utumwa, na pale ukuta unawasimamisha.

Na wale waliomuua kapiteni Abraham? Msitu wa Kentucky ulikuwa mahali pa uwindaji pa Washawnee na wengine. Hati ya ekari 400 haikuuliza ardhi ilikuwa ya nani jana. Katika makaratasi ya jamaa hiyo wao wanaonekana siku moja tu, siku ya kuua, bila jina wala baba wala mama. Daftari la tribinali lilikuwa la wenye mali. Wengine waliingia humo wakiwa na shida, ao wakiwa mali ya wengine.

Funzo kwetu

Sasa turudi nyumbani. Sisi hatukukosa njia za kukumbuka. Waluba walikuwa na lukasa, ubao wenye shanga ambao watu wa mbudye walikuwa wanausoma kwa vidole na kusimulia habari za wafalme. Jan Vansina, tangu kitabu chake cha 1961 juu ya mapokeo ya mdomo, alifundisha kama neno la mdomo ni ushahidi, ila lazima lipimwe vile hati inavyopimwa. Ninaongeza kwa mfano wa Lincoln: hati nayo ipimwe vile neno la mdomo linavyopimwa. Lukasa ilikuwa ya wenye mamlaka, daftari la Kentucky vilevile. Kwa yote mawili tuulize: nani aliandika ao alisema, kwa faida ya nani, na nani ameachwa inje?

Swali hilo si la darasa tu. Kwetu orodha ya vizazi inaweza kumpa mtu kiti cha chifu ao kumnyima, inaweza kutoa shamba ao kulichukua. Njo maana ninaogopa ninaposikia wenye kusema kama, mbele ya kuchapisha vitabu vya koo, tuvisafishe kwanza. Tutoe yule nkambo aliyeletwa mateka wakati wa misafara ya pembe na watumwa. Tutoe mama aliyezaa mbele ya mali kulipwa. Tutoe ndugu wa nyumba ndogo. Kile njo Hitchcock na Warren walifanya kwa Nancy, kwa nia njema kabisa, kwa heshima ya mama ya rais. Matokeo yake ni kumfuta Lucey, mama wa kweli, na kumweka mwingine kwenye kiti chake. Je, hiyo ni heshima?

Kwa Wabemba, wenye kuhesabu ukoo kwa upande wa mama, kosa hilo lingekuwa kubwa kupita yote: ukibadilisha mama, umebadilisha ukoo mzima. Lakini hata sisi wenye kufuata baba, tuandike mama. Katika kaye nyingi nilizoona, wanaume wana majina ya vizazi kumi, na mama wanaitwa tu mke wake. Tunarudilia hesabu ya Marekani ya 1790 bila kulazimishwa na mtu.

Najua wenye watanipinga, na neno lao lina uzito. Watasema: siri ya jamaa inalinda watu, mzee akinyamaza, ananyamaza kwa upendo. Ni kweli. Lincoln mwenyewe alinyamaza. Mwaka 1860 alimpa mwandishi John Scripps habari fulani za ukoo wake lakini hakutaka zichapishwe, na haki hiyo ilikuwa yake. Mtu mwenye bado iko hai, ao mwenye watoto wake wangechekwa barabarani, asichapishwe bila ruhusa yake. Lakini kutochapisha ni kitu kimoja, kuandika bongo ni kitu kingine. Ukurasa mweupe unaweza kujazwa kesho. Ukurasa wenye bongo unafunga mlango, na ilichukua miaka 150 na chombo cha ADN kuufungua ule wa Nancy.

Basi kwa vijana wetu wenye kaye ninapendekeza mambo machache. Muandike jina la aliyesema, tarehe na mahali. Wazee wawili wakipishana, muandike maneno ya wote wawili, musichague mshindi. Mkiona majina mawili yanafanana, muulize kama ni mtu mmoja. Mkipata karatasi, muulize iliandikwa kwa kodi, kwa batizo, kwa kesi ao kwa shamba, juu kila karatasi inaona paka kile ilitumwa kuona. Na pale mzee anaponyamaza, muandike: hapa alinyamaza.

Wahenga walisema: mficha uchi hazai. Lucey Hanks alisimama mbele ya karani na kutia saini kwa jina lake mwenyewe, miezi michache baada ya kuandikwa kwa aibu katika tribinali ya wilaya ileile. Waliomficha ni sisi, wasomi, waliokuja nyuma yake.